Hamisa Hakai

Kaa eda na mke mwenzako chini ya paa moja, miezi minne na siku kumi, halafu ndipo uje unifundishe habari za subira. Mimi nimekaa. Kila mmoja wetu angekaa nyumbani kwake, lakini upepo wa masika ulikuwa umeezua nusu ya bati langu wiki mbili kabla mume wetu, Kibwana, hajaanguka shambani kwa presha. Hakuinuka tena. Baada ya maziko wifi yetu Mwantumu, dada yake marehemu, akakata kauli kwamba wajane wote wawili tukae kwa bi mkubwa, Hamisa. Alisema ni kwa sababu ya bati. Mimi najua alitaka kutuchunga wote kwa pamoja, ndiyo maana naye akahamia chumba cha pili.

Jina langu Maryamu, na kazi yangu ni vitenge. Mimi ni mtu wa minada: leo Mkata, kesho Kabuku, keshokutwa Segera, begi begani na maneno mdomoni. Mtu wa namna hiyo ukimfungia ndani na nguo nyeupe, bila manukato, bila safari, bila hata kuchungulia barabara kuu, unamuua kidogo kidogo. Siku ya tatu nilishaanza kupanga upya vyombo vya mwenzangu kabatini. Siku ya tano aliniomba niviache.

Hamisa naye alikuwa na tabu yake. Kwedizinga nzima inamjua. Hakuna harusi, maulidi wala matanga yaliyopikwa pale bila yeye kusimama mbele ya mafiga na mwiko mrefu kama mchi, tangu alfajiri mpaka sahani ya mwisho itoke. Watu walikuwa na msemo wao juu yake: Hamisa hakai. Wenzake wakishamaliza kupakua hujitupa mkekani, wananyoosha miguu na kupiga soga. Yeye alikula wima, sahani mkononi, bega ukutani. Nilipoolewa pale, miaka ishirini na moja iliyopita, nilipewa sifa hizo kila siku pamoja na chai. Mwenzako hakai kwa kazi, wakaniambia, wewe hukai kwa kiguu na njia. Sitaficha, sifa zile zilinichosha, na yeye mwenyewe nilimwona mtu wa kujionyesha.

Sasa alikuwa ndani na mimi, na bado hakukaa. Akimaliza swala ya alfajiri alikwenda kusimama dirishani, akishika nondo, akiangalia wanawake wengine wakitumia masufuria yake uani. Alisimama palepale mpaka adhuhuri. Mimi nikizunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia, yeye kasimama kama nguzo. Ungetuona ungecheka.

Siku ya tisa nilijilaza mchana, na nilipofumbua macho nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kanga ameipandisha hadi gotini. Alidhani nimelala. Mishipa ilikuwa imetuna kutoka nyuma ya goti mpaka kwenye kifundo, ya buluu, minene kama kidole changu cha mwisho, imejipinda na kujikunja. Sehemu ya chini ya mguu ngozi ilikuwa nyeusi, ngumu, inang'aa. Na juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani, palikuwa na kidonda chenye ukubwa wa kifuniko cha soda, kibichi, kinatoa maji. Chini ya goti alikuwa amefunga kitambaa cheusi, amekikaza mpaka nyama imeingia ndani.

Aliinua macho, tukatazamana.

"Umeona," akasema.

"Nimeona, bi mkubwa."

"Basi ishie hapo hapo."

Nilimuuliza tangu lini. Akaniambia kwa sauti ya chini, akiangalia mlango. Mishipa ilianza na mimba yake ya tatu, ikanywea alipojifungua, ikarudi na ya nne, na ya tano ndiyo haikuondoka tena. Mama yake mzazi alikuwa nayo pia. Jioni miguu ilimwelemea, ikawasha, ikavimba mpaka ndala zikamkataa, na usiku misuli ya nyuma ikamkaza. Kidonda kilitokana na ukuni uliomkwaruza miezi saba nyuma. Mkwaruzo mdogo tu, nao umekataa kufunga.

"Miezi saba, na hujaenda hata zahanati?"

"Niende nikasemwe? Watasema nimekanyaga kitu. Na wakisema nimekanyaga, watauliza nani alikitega." Akanitazama. "Unadhani watamtaja nani, Maryamu?"

Kwetu mke mkubwa akioza mguu, wa kwanza kutazamwa ni mke mdogo, na mimi na mdomo wangu huu nisingepata hata mtetezi.

Ndipo nikaingia kwenye siri ile na kuwa msaidizi wake. Nilichemsha maji ya moto asubuhi na jioni nikatia chumvi, akatumbukiza miguu yote miwili kwenye beseni. Nilimkanda kwa mafuta ya nazi, nikisukuma kwa nguvu kutoka gotini kwenda chini, kama tulivyoona bibi zetu wakifanya. Kitambaa cha chini ya goti nilikikaza mimi, maana aliamini kinazuia ubaya usipande juu. Kidonda kikazidi kupanuka. Kila nilipokiangalia nilipatwa na hofu ambayo sikuwahi kuifikiria: kwamba nitatoka katika eda hii peke yangu. Tayari nilikuwa nimezika mume. Mwanamke huyu niliyemkwepa miaka ishirini na moja, sikutaka afe.

Wiki ya tano nikavunja nusu ya ahadi. Nilimwambia wifi Mwantumu kwamba bi mkubwa ana kidonda, apelekwe hospitali.

"Mwenye eda hatoki," Mwantumu akajibu bila hata kuacha kuchambua mchele. "Umechoka kukaa, Maryamu. Sema umechoka, usimsingizie mwenzako ugonjwa."

Kilichoniuma ni kwamba hakukosea yote. Nilikuwa nataka kutoka. Nilipowaza hospitali niliwaza pia barabara, mabasi, wauza machungwa wa Segera, upepo wa dirishani. Nikaona aibu, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukampotezea Hamisa siku nane.

Siku ya arobaini na tatu, baada ya kuoga maji ya moto, alinyanyua mguu kutoka kwenye beseni akaukausha kwa taulo. Mshipa mmoja karibu na kidonda ukapasuka. Damu haikuchuruzika, iliruka, uzi mwembamba mrefu uliofika mpaka ukutani. Hamisa hakusikia hata maumivu. Alidhani amemwaga maji.

Nikafanya kila lisilotakiwa. Nilimkalisha kwenye kigoda mguu ukining'inia, nikachukua kitambaa kile cheusi nikakikaza zaidi, na damu ikaja kwa kasi zaidi. Sakafu ikawa nyekundu, midomo ya Hamisa ikawa ya kijivu. Mwantumu aliingia akaona, akashika kichwa, akanitazama mimi, si damu. Nilijua anawaza nini. Sikuwa na nafasi ya kugombana naye. Nikampigia simu Upendo, muuguzi wa zahanati yetu, mteja wangu wa vitenge.

"Mlaze chini sasa hivi," Upendo akasema. "Sakafuni, chali. Umemfunga kitu?"

"Nimemfunga chini ya goti."

"Kifungue. Kinazuia damu isirudi juu, ndiyo maana inatafuta pa kutokea. Mguu uinue, uegemeze ukutani, uwe juu kuliko moyo wake. Shika kitambaa safi, bonyeza palepale panapotoka. Kwa nguvu. Usichunguliechungulie, bonyeza mpaka nifike."

Nikakata kitambaa kwa kisu. Nikainua ule mguu mzito, nikauegemeza ukutani, nikapiga magoti na kubonyeza kwa viganja vyote viwili. Hamisa akaniangalia kutoka chini. "Funga mlango," akaniambia. Nikamwambia anyamaze. Upendo alipofika na bodaboda, damu ilikuwa imeshaacha kutoka. Akafunga bandeji kuanzia vidoleni kupanda juu, akasema leo hii aende Korogwe, kuna daktari na kipimo cha kuona ndani ya mishipa. Akiupuuza mshipa huo, utapasuka tena, na safari ijayo huenda yuko peke yake.

Mwantumu akasimama mlangoni. "Ana eda," akasema, lakini safari hii sauti yake ilikuwa inaomba.

Nikampigia Maalim Sufiani, imamu wetu, nikaweka spika. Alikuwa shambani kwake, tulisikia jembe likiwekwa chini. Nikamweleza.

"Mgonjwa anatoka mchana anatibiwa, anarudi kulala nyumbani kwake," Maalim akasema. "Nani amewaambia vinginevyo?"

Siku arobaini na tatu, na zahanati tunaiona kwa dirisha, na katika nyumba nzima hakuna aliyewahi kumuuliza Maalim. Mwantumu aliona anajua. Hamisa hakutaka ijulikane. Na mimi, kiguu na njia, niliogopa kuulizwa kwa nini nauliza.

"Aende na mwanawe Zaidi," Mwantumu akasema.

"Nataka Maryamu," Hamisa akasema kutoka sakafuni.

"Basi nendeni, mrudi kabla jua halijazama," Maalim akamaliza, na tukasikia jembe linainuliwa. Mwantumu aliingia chumbani kwake akatoka na mto wake mwenyewe, akauweka chini ya mguu wa Hamisa.

Jirani yetu Bernardo ana gari la kubebea machungwa, viti vya nyuma ameving'oa. Tulimlaza Hamisa juu ya magunia, mguu wake begani kwangu, nami nimekaa kwenye kreti. Ile barabara niliyoililia siku zote zile, wallahi sikuiona. Nilitazama bandeji tangu Kwedizinga mpaka tunaingia Korogwe.

Daktari alikuwa mwanamke, Mshambaa, akiitwa Asnath, mpole lakini haraka. Alimpaka Hamisa mafuta baridi mguuni, akapitisha kidude cha mashine huku akiangalia kioo. Akapapasa mapigo juu ya nyayo, akasema mishipa inayoleta damu ni mizima, tatizo liko kwenye inayoirudisha.

"Mama, damu ikishafika mguuni lazima ipande irudi kwenye moyo," akaeleza. "Inasukumwa na misuli ya nyuma ya mguu kila unapopiga hatua. Ndani ya mishipa kuna milango midogo inayoizuia isirudi chini. Yako imelegea. Damu inarudi, inatuama, mshipa unatanuka, na ngozi inakosa chakula. Ndiyo maana kidonda hakifungi. Hakuna mtu aliyekutupia kitu. Wanaozaliwa katika ukoo wenye nayo huipata, wanaozaa sana huipata, na wanaosimama sana."

Nilimuuliza habari za maji ya moto, kumkanda na kitambaa. Kila nililotaja alitikisa kichwa. Maji ya moto yanatanua mshipa. Kukanda juu ya mishipa hiyo, na kidonda kikiwa wazi, ni kuitafutia balaa. Kitambaa cha kufunga mahali pamoja ni kama kukanyaga bomba. Anachohitaji mgonjwa ni bandeji ya kubana inayokaza zaidi kifundoni na kulegea ikipanda, ivaliwe asubuhi kabla hajashuka kitandani, na kidonda kikifunga avae soksi maalumu. Alale miguu ikiwa juu ya moyo, mara kadhaa kwa siku. Atembee, kwa sababu kutembea ndiko kunakosukuma damu. Baadaye, akipenda, wapo mabingwa katika hospitali kubwa wa kuiziba ile mishipa mibovu kwa sindano au kwa upasuaji.

"Kitu kibaya kuliko vyote kwako," akasema, "ni kusimama mahali pamoja bila kusogea. Unafanya kazi gani?"

"Napika kwenye shughuli."

"Pika, lakini kaa kwenye kiti kirefu, uwe unainuka na kutembea. Wenzako hawakai?"

"Wanakaa."

"Na wewe?"

Hamisa alivuta kanga yake. "Ukikaa mkekani lazima unyooshe miguu," akasema. "Ukinyoosha inaonekana. Kuna mtu alisema neno kuhusu miguu yangu, zamani. Tangu siku ile sijakaa."

Daktari aliacha kuandika. Miaka yote ile ya sifa, Hamisa hakai, Hamisa hodari, kumbe mtu alikuwa anaficha miguu yake, na kila alivyoificha ndivyo alivyoiharibu. Na mtu wa kusema neno la kumwingia mwanamke namna hiyo ni nani kama si mumewe? Nikakikumbuka kiburi cha Kibwana, alivyopenda mwanamke aliyejipamba, alivyonioa mimi mwaka uleule Hamisa alipomzalia mtoto wa tano. Hesabu ikanikamilikia palepale, nikamchukia marehemu kwa roho yangu yote.

Tulirudi kabla ya magharibi. Kuanzia siku ile nilikuwa na kazi, na kazi ilinifaa. Asubuhi nilimfunga bandeji akiwa bado amelala. Kila siku tulizunguka ua ndani ya wigo, nusu saa asubuhi, nusu saa alasiri, tukipita nyuma ya choo, kwenye banda la mbuzi, chini ya kamba ya nguo, tena na tena. Hatimaye nilipata mtu wa kuzurura naye. Upendo alikuja kila wiki kuosha kidonda na kukipima kwa rula. Kilipungua polepole mno, nikaudhika nacho kama mteja anayeshikashika kitenge na hanunui. Dirishani nilimfukuza. Akisimama tu, naita: "Bi mkubwa, visigino." Naye anainua visigino, anashusha, anainua, huku akinikata jicho.

Lakini kila baada ya swala, Hamisa na Mwantumu walipoinua mikono kumwombea Kibwana, mimi yangu niliiacha mapajani. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sikuweza. Kila nikifumba macho nilimwona Kibwana amesimama juu ya ile miguu akiicheka. Mwantumu aligundua akanung'unika, nikajifanya sisikii. Hamisa aligundua vilevile, hakusema.

Siku ya mia moja na kumi na nane Upendo alifungua bandeji, akaweka rula, akaiondoa. Palikuwa na ngozi. Nyembamba, ya waridi, lakini ngozi. Upendo akampa Hamisa soksi za kubana, za rangi ya kahawia, akatuonyesha namna ya kuzivuta bila kuzikunja, akaaga. Tukaswali adhuhuri wawili tu, Mwantumu alikuwa ameenda kisimani. Hamisa aliinua mikono, akanitazama, akaishusha.

"Maryamu. Kibwana alikufanya nini hata humwombei?"

"Si mimi. Alikufanya wewe." Nilikuwa nimekaa na neno hilo muda mrefu mno, likatoka lote. "Kukusema miguu, mke wake, mama wa watoto wake. Miaka ishirini na moja unakula wima kwa ajili ya mdomo wake."

Hamisa alinishangaa kwa dhati. "Kibwana? Kibwana hakuwahi kusema neno. Ndiye aliyekuwa ananinunulia mafuta." "Ni wewe."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Siku ya tatu ya harusi yako," akasema, bila hasira, kama anayemweleza mtu njia. "Wanawake walikuja kukutazama. Nilileta chakula, nikakaa mkekani karibu yako ili watu waone sina kinyongo, nikanyoosha miguu. Ukamwinamia shangazi yako. Ukasema, ndiyo maana kaniongeza mimi, angalieni miguu ile. Wakacheka wote. Nikainuka kwenda kuchukua maji, na sikurudi kukaa."

Nilitafuta kichwani. Niliukumbuka mkeka, nilimkumbuka shangazi, nilikumbuka hata marinda ya gauni langu. Neno lile sikulikuta. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilisema mengi siku ile ili nionekane siogopi, na hilo lilinitoka kama mate, nikaendelea na maisha yangu. Mwenzangu alilibeba akasimama nalo mpaka mshipa ukapasuka.

"Unakumbuka?" akaniuliza.

Alikuwa ananiangalia usoni, anangoja. Nikaona kwamba nikisema ukweli nitampiga mara ya pili.

"Nakumbuka," nikamwambia. "Nakumbuka kila siku. Nisamehe, dada."

Sikuwahi kumwita dada. Akainyoosha miguu yake mkekani, yote miwili, mbele yangu.

"Afadhali," akasema. "Nilikuwa nadhani naliwaza peke yangu."